Kodi za nyumba Kigoma: tuandikiane jamani

Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee kodi za nyumba hapa Kigoma maana wapangaji tunaumia na wengi hatujui pa kushika.

Toka mkataba wa reli ya SGR kipande cha Tabora mpaka Kigoma, zile kilomita 506, usainiwe Desemba 2022, wenye nyumba wa huku Mwanga na Gungu kila ukiongea nao ni "mji unakuja huu", na kodi inapanda. Kupanda sikatai, simenti imepanda na kuna wamama wajane vyumba viwili ndo shamba lao. Ninachokataa ni namna inavyopandishwa.

Jirani yangu ni mama anauza dagaa Kibirizi, alilipa miezi sita kwa mpigo, elfu arobaini kwa mwezi, laki mbili na arobaini hiyo kaitoa kikoba. Mwezi wa tatu unaisha anapigiwa simu kwamba kuanzia mwezi ujao chumba ni elfu sitini, asiyeweza apishe. Akauliza na ile hela yangu iliyobaki? Akajibiwa itahesabiwa kwa bei mpya, yani miezi mitatu aliyoilipia imegeuka miwili! Na hana karatasi hata moja, hela alimpa dalali mkononi.

Wengi wanadhani serikali ina bei elekezi ya vyumba, haipo. Zamani kulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984, ikafutwa 2005, kwaiyo bei siku hizi ni makubaliano yenu wawili. Sasa kama ni makubaliano, mmoja hawezi kuyavunja peke yake kwa simu wakati muda uliolipiwa haujaisha, anatakiwa asubiri uishe ndo mkae mpange upya. Na hata yule anayelipa mwezi kwa mwezi, Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema kumuondoa ni kwa notisi isiyopungua huo mwezi, sio leo umeambiwa kesho godoro liko nje kwenye mvua watoto wanaangalia. Sheria hiyo hiyo inampa mpangaji anayelipa haki ya kukaa kwa amani bila bughudha, hii watu hawaijui kabisa!

Mwenye nyumba akikukomalia, usitukanane nae, anzia kwa mwenyekiti wa mtaa, alafu Baraza la Kata ambalo toka 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu halitoi hukumu, mkishindwana hapo unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, huko ndo kesi inasikilizwa. Ila ukifika huko utaulizwa ushahidi, na hapo ndo wengi tunakwama, maana mkataba ulikuwa wa mdomo pale kibarazani kwa mwenye nyumba na shahidi ni dalali ambae hela yake ya mwezi mmoja kashachukua na simu hapokei.

Wapangaji wenzangu, lipeni kwa simu ile meseji ibaki, kama ni keshi basi aandike kwenye daftari asaini, tarehe na miezi uliyolipia. Mwenye nyumba muungwana hawezi kukasirika, na yeye inamlinda siku mpangaji akikimbia na deni.

Ombi langu kwa Manispaa ya Kigoma Ujiji ni moja, mtuchapie fomu ya ukurasa mmoja ya Kiswahili chepesi, iwe na majina ya wote wawili, bei, muda, na notisi ya miezi mingapi kabla ya kupandisha, ikae ofisi za serikali za mitaa zote na kugongewa muhuri iwe bure. Madiwani wa Mwanga na Gungu nyie tunawaona mtaani, lipelekeni hili kwenye baraza lenu lijalo.

Mpangaji,
Mwanga, Kigoma