Barua ya wazi kwa Waziri wa Kawi: stima inatupita tu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kawi na Petroli,

Nakuandikia kutoka Marsabit, kaunti inayopakana na Ethiopia. Wiki iliyopita nililala kwa shangazi yangu, katika manyatta moja upande wa Loiyangalani. Giza lilipoingia, bintiye wa gredi ya sita alifungua daftari akamulikiwa na tochi ya simu, na simu yenyewe ilikuwa imechajiwa kwa malipo katika duka lililo mwendo wa saa nzima kwa miguu. Mchana ukitoka nje ya boma hilo unaona mitambo ya upepo ikizunguka. Ni 365, yenye uwezo wa megawati 310, na stima yake inasafirishwa zaidi ya kilomita 400 hadi kituo cha stima cha Suswa, kaunti ya Narok.

Sipingi upepo, Mheshimiwa. Kila uniti inayopatikana bila kuchoma dizeli naifurahia. Lakini kukosa moshi pekee hakutoshi kuifanya kawi iwe safi. Mwaka 2021 mahakama ya mazingira na ardhi mjini Meru iliamua kwamba hatimiliki za ardhi ya mradi huo zilitolewa bila kufuata sheria. Hii ni ardhi ya malisho, ya watu wanaohama na mifugo yao. Na Sheria ya Kawi ya 2019 inazitengea jamii asilimia 5 ya mrabaha (malipo ya kutumia rasilimali) wa kawi ya mvuke wa ardhini, na kaunti asilimia 20. Kwa nini upepo usiwe na mgao kama huo?

Novemba 2022 tulianza pia kununua stima kutoka Ethiopia, megawati 200. Laini ya kilovolti 500 inaanzia Wolayta Sodo, inakatiza kaunti yetu na kuishia Suswa. Wahandisi wanasema, na ni kweli, kwamba laini ya aina hiyo huwezi kuitoboa njiani kama bomba la maji. Basi manyatta na vituo vya afya vilivyo kando yake vijengewe mitandao midogo ya sola. Jua tunalo.

Linaloninyima usingizi zaidi ni Mto Omo. Mto huo ndio unaoliletea Ziwa Turkana zaidi ya asilimia 80 ya maji yake, na ndio uliozibwa nchini Ethiopia kwa bwawa la kuzalisha stima la Gibe III. Mwaka 2018 UNESCO iliziweka mbuga za ziwa hilo katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Najua utaambiwa kwamba ziwa limepanda miaka ya karibuni hata likameza makazi ya ufuoni. Limepanda, ndiyo. Lakini samaki hawaishi kwa wingi wa maji pekee: wanangoja mafuriko ya msimu, yanayoleta rutuba na kuwaita kuzaliana, na bwawa huyasawazisha mafuriko hayo. Mvuvi wa Kenya hana mkono kwenye milango ya bwawa lile. Wewe unao, kwa kuwa wewe ndiye mnunuzi. Mkataba wa stima utakapojadiliwa tena, kiwango cha maji ya kuachiliwa kila msimu kiandikwe humo, kando ya bei.

Na kabla ya kutoa leseni nyingine huku, njoo ufanye baraza Loiyangalani, chini ya mti, watu waongee lugha zao na wapewe wakalimani. Shangazi ameshaniambia atakuja, hata kama itambidi kuanza safari alfajiri.

Wako,
Mkazi wa Marsabit