Yah: Malalamiko kuhusu pikipiki ya Africa Twin mliyoniuzia na lugha niliyotolewa kaunta

Meneja Mkuu,
Mwanza.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kwa heshima, ingawa heshima hiyo imenibidi niitafute kwanza kabla ya kukaa mezani. Hii ni barua ya pili. Ya kwanza niliikabidhi mapokezi kwenu kwa mkono, ikagongwa muhuri, nakala ninayo. Hamkujibu. Sasa naileta hii kwenu na pia naiweka mahali ambapo wateja wenu wengine wataisoma, kwa sababu inaonekana barua za kwenye bahasha kwenu haziendi popote.

Pikipiki mnaijua: Honda Africa Twin, XRV750, nyeusi, iliyotoka Uingereza. Masharti ya udhamini wenu mnayajua, mliyaandika wenyewe, sina haja ya kuwasomea.

Nianze na lililoniuma. Asubuhi ile nilifika na pikipiki juu ya kirikuu niliyoikodi kwa pesa yangu kutoka Kigongo. Mlinzi wenu wa getini alinipokea vizuri, "Mwangaluka mayu," akasaidia hata kuishusha. Ndani, kwenye kaunta ya huduma, alikuwapo kijana wenu aliyevaa kitambulisho cha msimamizi wa gereji. Nikamweleza: injini inawaka, gia inaingia, tairi la nyuma halizunguki. Hakuinua macho kwenye simu. Nikarudia. Ndipo akasema, kwa sauti ya kufika hadi kwenye viti vya wateja, "Mama, haya mambo ya injini huwezi kuyaelewa. Nenda kamlete baba wa nyumbani tuongee naye." Nikamwambia kadi ya pikipiki ina jina langu. Akazichukua funguo, akazisukuma juu ya kaunta, zikapita mkono wangu, zikaanguka sakafuni. Nikainama nikaziokota.

Mimi ni daktari wa mifugo. Nimeendesha pikipiki za idara kwenye matope ya Buchosa kabla kijana huyo hajajua kutembea. Baba wa nyumbani, kama mnataka kumjua, hajui hata kuwasha bajaji, na halioni hilo kuwa jambo la aibu.

Sasa kuhusu mauzo. Tangazo lenu lilisema kilomita 48,000 tu, cheni na sproketi mpya, imekaguliwa, iko tayari kwa safari. Niliwalipa shilingi milioni 12 na nusu. Nilikuwa naijua pikipiki hii kwa sifa: injini ya V yenye silinda mbili, sentimita za ujazo 742, gurudumu la mbele la inchi 21 linalopita kwenye mashimo bila kulalamika. Mashine za Honda za ukoo huo ndizo zilizoshinda Paris–Dakar mara nne mfululizo, 1986 hadi 1989. Kwa mtu anayetoka Ilemela kwenda kuchanja ng'ombe Sengerema na kurudi siku hiyo hiyo, nilijua ninachotafuta. Ubaya si wa Honda, na naomba mtu wenu yeyote asiniandikie kwamba "pikipiki za zamani ndivyo zilivyo".

Wiki ya kwanza tu nilianza kuona kitu. Nguzo za kilomita za barabarani zilikuwa zinakimbia kuliko mita. Nguzo tano zinapita, mita inahesabu tatu na kidogo. Nikadhani macho. Halafu jua la Mwanza likafanya kazi ambayo wakaguzi wenu hawakuifanya: karatasi yenye namba za km/h mliyobandika kwenye uso wa mita ikaanza kubanduka pembeni, na chini yake kukatokea MPH. Mita ni ya maili. Ilikuwa inahesabu maili tangu ilipotoka kiwandani na bado inahesabu maili mpaka leo, kwa sababu karatasi haiwezi kubadilisha gia za ndani ya mita. Maili 48,000 ni zaidi ya kilomita 77,000. Mliniuzia kilomita 29,000 ambazo hamkuzitaja.

Na msiniambie hamkujua. Namba ya zamani ya Uingereza iko kwenye makaratasi mliyonipa ninyi. Huko pikipiki hupimwa kila mwaka, kipimo wanakiita MOT, na kumbukumbu zake tangu 2005 ziko wazi kwenye mtandao wa serikali yao, bure, kwa yeyote mwenye namba. Niliingiza namba kwenye simu nikiwa nimekaa chini ya mwembe. Kipimo cha mwisho kimeandikwa maili 47 elfu na mamia yake. Maili, imeandikwa hivyo hivyo. Hata mnadani, mwenye ng'ombe mzee hathubutu kusema ana miaka mitatu, maana anajua mnunuzi atamfungua mdomo ng'ombe ayaone meno.

Nikavumilia hilo. Nilijiambia kilomita ni kilomita, pikipiki hizi zikitunzwa zinafika mbali zaidi ya hapo. Nikaileta kwenu kwa huduma ya kwanza, kama masharti yenu yanavyotaka, la sivyo udhamini unakufa. Mkanitoza plagi nne. Injini hii ina plagi mbili kwa kila silinda, kwa hiyo nne ni sawa kabisa, sikubisha. Baadaye fundi wangu wa Nyakato alipotoa tangi alikuta mbili mpya na mbili za zamani, nyeusi, zenye kutu kwenye shingo. Mlibadilisha zile zilizo rahisi kufikiwa, zile zinazotaka jasho mkaziacha, na pesa ya zote nne mkachukua. Plagi hizo mbili nimezihifadhi kwenye mfuko wa plastiki. Regulata, kifaa cha kudhibiti umeme wa kuchaji betri, iliyoungua nililipia mwenyewe bila kuwasumbua, kwa kuwa kila anayeendesha Africa Twin ya zamani anajua kifaa hicho kina tabia hiyo. Nalisema hili ili mwone kwamba si mtu wa kuja kulia kwa kila balbu iliyokufa.

Lakini shafti, mhimili unaotoka kwenye giaboksi na kuizungusha sproketi ya mbele ya cheni! Hapo ndipo siwezi kunyamaza.

Nilikuwa natoka Sengerema jioni, nimebeba sanduku la chanjo. Katikati ya daraja la Kigongo–Busisi nikasikia mlio kama kitu kimekatika chini ya mguu wa kushoto. Injini ikapanda sauti, pikipiki ikaanza kupoteza mwendo. Gia ya tatu, ya pili, ya kwanza, hakuna kitu. Nyuma yangu semi trela inapiga honi, upepo wa ziwa unasukuma kutoka pembeni, giza linaingia, na pikipiki ina uzito wa zaidi ya kilo 200. Ni vijana wa bodaboda walionisaidia kuisukuma hadi Kigongo. Walikataa pesa. Kwenu nilikuta tabia nyingine.

Maana nilipofika kaunta, nikiwa na vumbi la jana yake kwenye viatu, nilikuwa nimekwisha ifanya kazi ambayo kijana wenu alitakiwa kuifanya. Nilikuwa nimefungua kifuniko cha sproketi kule Kigongo kwa spana yangu, nikamulika kwa tochi. Nilikuja nikijua. Nikamwambia, kijana wangu, sproketi ya mbele imechomelewa kwenye shafti, na mchomeleo umekatika. Hilo ndilo neno nililomwambia, neno kwa neno, nalo ndilo lililomfanya acheke. Akageuka kwa mwenzake wa stoo, akasema, "Mama wa watu kachomelewa," wakacheka wote wawili. Halafu ndipo ile ya baba wa nyumbani. Wateja waliokuwa wamekaa wanne au watano, mmoja mzee wa makamo akasema, "Kijana, huyo ni mama yako." Hakumjibu. Akasukuma funguo. Zilipita mkono wangu zikaanguka karibu na ndoo ya deki, na nilipoinama kuziokota nilisikia bado wanacheka. Nilipoinuka alikuwa amerudi kwenye simu yake. Hakuandika hata namba ya kazi. Nimeangalia: kwenye daftari lenu la mapokezi siku hiyo sipo kabisa, kana kwamba sikufika.

Nilipoomba kuonana nawe nikaambiwa uko kwenye kikao. Gari lako lilikuwa halipo.

Baada ya siku mbili mkanipigia simu. Jibu, nalinukuu kama nilivyoliandika: cheni na sproketi ni vitu vya kuchakaa, havimo kwenye udhamini. Ndugu Meneja, mimi sikuleta cheni iliyochakaa. Sproketi ya mbele kwenye pikipiki hizi hushikiliwa na kibati chembamba chenye bolti mbili. Ikianza kucheza juu ya meno ya shafti inayatafuna taratibu, mpaka yanabaki butu. Shafti ile ni sehemu ya giaboksi. Kuibadilisha kunataka injini ishuke yote na ipasuliwe mara mbili. Udhamini wenu unasema "injini na giaboksi". Mliandika ninyi.

Na kabla ya kuniuzia, meno yalikuwa yameshaliwa. Kuna mtu aliyeyaona, akajua gharama ya kupasua injini, akachukua mashine ya kuchomelea akaunganisha sproketi na shafti moja kwa moja, kisha akapaka grisi nyeusi juu ya mshono. Mtu huyo hayuko Uingereza. Tangazo lenu ndilo linalosema "cheni na sproketi mpya", na risiti yenu ya mkono inarudia maneno hayo. Sproketi iliyochomelewa ndiyo hiyo mpya. Haiwezi kuwa mpya kwa mkono wenu na kuchomelewa kwa mkono wa mwingine. Kwenye fomu ya ukaguzi, mstari wa giaboksi, kuna neno SAWA na muhuri wenu.

Nimetaja risiti ya mkono. Mtakumbuka kwamba siku ya mauzo niliambiwa mashine ya EFD, ya risiti za kodi, ni mbovu, nitaletewa risiti. Bado naisubiri. Sikupanga kuligusa hilo kwenye barua hii.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Ndani ya siku 14, mlipie shafti halisi, gasketi, na kazi ya kupasua injini kwenye gereji nitakayoichagua mimi, pamoja na kirikuu ya kutoka Kigongo. Mrudishe pesa ya plagi mbili ambazo hamkuziweka.

Nimesoma tena aya hiyo na naona bado nawafikiria kama watu tutakaoendelea kufanya biashara pamoja. Hapana. Mtu aliyechomelea shafti akapaka grisi simwachii tena injini yangu, hata akilipa. Pikipiki yenyewe ichukueni. Nataka shilingi milioni 12 na nusu zote, na gharama nilizotaja juu yake, na regulata pia sasa, maana hakuna sababu tena ya mimi kuwa mpole peke yangu. Na siku si 14. Ni saba, kuanzia barua hii itakapogongwa muhuri.

Na kuhusu kijana wa kaunta. Sitaki afukuzwe kazi, ana wazazi wanaomtegemea kama vijana wote. Nataka aniombe radhi pale pale kaunta, akiwa amesimama, wateja wakiwa wamekaa kwenye viti vile vile, na wewe ukiwapo. Ya kwenye simu siitaki. Ujumbe wa maandishi wenye alama za mikono iliyokunjwa siutaki vilevile.

Zikipita siku saba bila pesa na bila radhi, malalamiko yangu yataenda Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003, inayokataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, yakiwa na picha ya MPH chini ya karatasi yenu, kumbukumbu za MOT, picha ya mshono wa kuchomelea na fomu yenye neno SAWA. Wakili wangu ataishughulikia Sheria ya Mauzo ya Bidhaa mahakamani. Na risiti ya mkono nitaipeleka TRA mwenyewe, kwa miguu ikibidi, maana usafiri mnajua uko katika hali gani.

Pikipiki iko uani kwangu, imefunikwa turubai, shafti haijaguswa. Mtaalamu yeyote mtakayemtuma kuikagua anakaribishwa saa za kazi. Apige simu kwanza, na ataongea na mimi.

Wenu,
Daktari wa mifugo, Ilemela
(jina na namba ya simu mnavyo kwenye kadi)

Nakala: Tume ya Ushindani (inasubiri siku ya nane)