Peroksisomu si jaa la seli

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa afya wa wiki iliyopita ulieleza sehemu za seli kwa Kiswahili kizuri, na nimeubandika kwenye ukuta wa darasa. Mstari mmoja tu nimeufunika kwa karatasi: ule unaosema peroksisomu, kifuko kidogo kilicho ndani ya seli, ni "jaa la seli", mahali pa kuharibia sumu, basi.

Wanafunzi wangu wa Senior 5 hapa Tororo tayari wana imani hiyo hiyo, na najua walikoitoa. Kila mwaka tunanunua ini buchani, tunalikata vipande na kulimiminia haidrojeni peroksaidi. Povu linafoka mpaka mezani, darasa linashangilia. Kimeng'enya cha katalesi, kinachovunja sumu hiyo ndani ya peroksisomu, kimeonekana, swali la mtihani limejibika, na peroksisomu haitajwi tena mpaka mwaka unaofuata.

Kinachoachwa nyuma ni ujenzi. Katika mwili wa binadamu, karibu asilimia 20 ya fosfolipidi zote, yaani mafuta yanayojenga utando wa seli, ni plazmalojeni, na ubongo na moyo vimejaa mafuta hayo. Tofauti yake na fosfolipidi za kawaida iko mahali pamoja: mkia wa kwanza wa mafuta umeshikizwa kwenye gliseroli, uti wa molekuli hiyo, kwa kifungo cha etha, si cha esta. Kifungo hicho, katika seli zetu, hufungwa ndani ya peroksisomu.

Kazi inaanza na kipande cha kaboni tatu, dihidroksiasetoni fosfeti, kinachopatikana glukosi inapovunjwa. Yaani atapa, ugali wetu, tuliyokula jana ina mkono wake humo. Kimeng'enya kiitwacho GNPAT hukibandika asidi ya mafuta. Kisha huja AGPS, na hapa huwa naweka chaki chini, maana darasa lote hudhani nimekosea ubaoni: AGPS huing'oa asidi ile ile iliyotoka kubandikwa, ikaweka alkoholi ya mafuta mahali pake. Si kazi bure. Bila ile asidi ya kwanza AGPS haina cha kubadilisha. Alkoholi nayo huandaliwa na FAR1, kimeng'enya kilichokaa kwenye utando wa peroksisomu kwa upande wa nje. Hatua zilizobaki humaliziwa kwenye retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa utando ndani ya seli, ikiwemo ile ya kuweka kifungo maradufu kinachoifanya plazmalojeni iwe plazmalojeni. (Mafuta haya yaligunduliwa na Feulgen na Voit mwaka 1924, lakini jeni ya kimeng'enya cha hatua hiyo ilikuja kutambuliwa mwaka 2019 na watafiti wa Murcia, Hispania, waliokuwa wakichunguza bakteria wa udongoni. Wanaosema biolojia imekwisha waliambiwa na nani?)

Sasa, AGPS hutengenezwa nje ya peroksisomu na huingizwa na protini iitwayo PEX7. Mtoto akirithi PEX7 mbovu kwa baba na kwa mama, huzaliwa na mifupa mifupi ya mikono ya juu na mapaja, madoa ya chokaa kwenye gegedu na mtoto wa jicho, na ukuaji wake hudumaa sana, akili pia. Ni ugonjwa adimu. Lakini angalieni: katalesi ya mtoto huyo huingia kwenye peroksisomu kama kawaida, kwa sababu haisafirishwi na PEX7. Uharibifu wa sumu upo. Kilichopungua ni mafuta yenye etha, na mtoto anaumia hivyo. Ningekuwa mwandishi wenu ningeanzia hapo.

Na kama mfano huo uko mbali, hebu tuje kwa mbung'o, ambaye sisi wa mashariki hatuhitaji kuelezwa. Uganda ndiyo nchi pekee yenye aina zote mbili za malale: ile ya kaskazini magharibi, ambayo Shirika la Afya Duniani lilithibitisha mwaka 2022 kwamba si tatizo la afya ya umma tena, na hii ya kwetu inayojificha ndani ya ng'ombe. Tripanosoma, kimelea anayeileta, ana vifuko viitwavyo glaikosomu, ndugu wa damu wa peroksisomu. Ndani yake mna hatua nyingi za kuvunja glukosi, na mna vimeng'enya vile vile vinavyoanzisha mafuta yenye etha. Katalesi? Hana kabisa! Mwaka 2017 watafiti walichapisha habari za kemikali zinazozuia vimeng'enya kuingia kwenye glaikosomu, na tripanosoma walikufa maabara. Mfugaji wa hapa anayenunua sindano za ng'ombe kila msimu angeisoma habari hiyo mara mbili, kama ingeandikwa kwa lugha anayoielewa.

Naomba basi ukurasa huo urudie somo hili, na safari hii peroksisomu ichorwe na mshale unaotoka kwake kwenda kwenye retikulamu ya endoplazimu. Mchoro ninao, tumeuchora na wanafunzi kwenye karatasi ya manila. Mkinielekeza pa kuutuma, nitaupiga picha.

Mwalimu wa Biolojia,
Tororo, Uganda