3L Si Lita 3: Kwa Nini Tunakuuliza Namba ya Chasi ya Hilux Yako

Mteja akifika kaunta ya duka letu la vipuri na kusema, "Nipe gasketi ya silinda hedi ya Hilux," jibu letu la kwanza huwa swali: ipi? Wapo wanaokunja uso, wakidhani fundi wa duka hajui magari. Jina ni moja kweli, tangu Machi 1968. Kilicho chini ya boneti kimebadilika mara nyingi mno.

Hilux ya kwanza iliundwa na Hino kwa ajili ya Toyota. Ilikuwa pikapu ndogo ya petroli, injini lita 1.5, gia ikiwa kwenye usukani na watu watatu wakibanana kiti kimoja. Jina lake lilitokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya "juu" na "anasa", ingawa anasa yenyewe ungeitafuta kwa tochi. Kizazi cha pili kilikuja 1972. Cha tatu, cha 1978, ndicho kilichoipa sifa tunayoijua leo: kilileta injini ya dizeli ya familia ya L, na mwaka 1979 ikaja ya kuvuta magurudumu manne.

Hapo kwenye L ndipo mkanganyiko unapoanzia. L ni jina la familia ya injini, wala si kifupi cha lita. 2L ina ujazo wa lita 2.4. 3L ina lita 2.8. Yenye karibu lita 3 ni 5L. Tumeshamwona dereva aliyetumwa kununua vifaa vya "Hilux ya lita tatu", akachukua vya 3L kwa kujiamini kabisa, kumbe gari lililomsubiri lilikuwa na 5L. Alirudi jioni, kimya.

Na hata ukisema "dizeli ya lita 3" bado hujatusaidia sana. Kizazi cha sita, kilichoanza 1997, kilikuwa na 5L, lakini pia kilipata 1KZ yenye turbo. Kisha 2004 ikaja ile ambayo wengi huiita Vigo, iliyoundwa Thailand, Afrika Kusini na Argentina, ikiwa na 1KD ya lita 3 na mdogo wake 2KD wa lita 2.5. 5L, 1KZ na 1KD: injini tatu, ujazo unaokaribiana, vifaa tofauti.

Vigo ndiyo iliyobadilisha kazi ya gereji pia. 5L ina pampu ya dizeli ya kimekanika ambayo fundi mzoefu huielewa kwa kuisikiliza tu. 1KD inapeleka dizeli kwenye nozeli, zinazoinyunyiza ndani ya injini, kwa mgandamizo mkubwa sana, na kompyuta ndiyo inayoamua kiasi na wakati. Dizeli chafu ambayo 5L ingeivumilia kwa kukohoa kidogo, kwenye 1KD inaharibu nozeli. Kwa hiyo tukikusisitizia chujio la dizeli, si kwamba tunatafuta cha kukuuzia. Tofauti nyingine: KD, yaani 1KD na 2KD, ina mkanda wa taimingi unaobadilishwa kwa ratiba, ila GD, familia ya injini iliyokuja na kizazi cha 2015, inatumia mnyororo. Mwenye GD akija kuulizia mkanda wa taimingi, tunamrudisha nyumbani mikono mitupu.

Upande wa mbele nako msikimbilie. Za kuvuta magurudumu manne za zamani zilikuwa na ekseli nzima na springi za bapa mbele, kama nyuma. Baadaye zikaja za kila tairi kujitegemea, na kwa miaka kadhaa aina zote mbili ziliuzwa kwa pamoja. Springi za bapa za nyuma peke yake ndizo zimebaki tangu 1968.

Namba ya chasi ndiyo inayomaliza ubishi. Kwenye kibati chake pia kuna kodi ya modeli, na herufi zake za mwanzo zinataja familia ya injini: LN ni dizeli ya L, KUN ni KD, GUN ni GD. Tazama kibati ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, ukipige picha, ututumie kabla hujatoka nyumbani. Na kama gari limewahi kubadilishwa injini, kibati hakitakwambia. Piga picha na namba iliyogongwa kwenye bloku yenyewe.