Barua ya wazi kwa mnaoishi na mzee aliyeanza kusahau

Wanangu,

Nawaandikia ninyi ambao hivi karibuni mmeambiwa kwamba mama, baba, babu au shangazi yenu ana demensia, yaani hali ya kupungukiwa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, na kwamba bado iko mwanzoni. Mimi pia nimeambiwa hivyo. Naandika asubuhi tu, maana jioni maneno hunikimbia, na mjukuu wangu amenisaidia kupanga aya. Mawazo ni yangu.

Tangu siku ugonjwa unapotajwa mpaka siku mtu anaposhindwa kujitegemea, mara nyingi hupita miaka. Miaka hiyo ni maisha. Msimkalie matanga mtu aliye hai.

Siku ya majibu yangu, daktari alimgeukia binti yangu akamuuliza, "Anakula vizuri? Usiku analala?" Nami nimeketi papo hapo. Binti yangu akamjibu kwa adabu, "Daktari, muulize mwenyewe." Tangu hapo nikienda kliniki nabeba maswali yangu kwenye karatasi, na ni mimi ninayeyauliza. Yeye hukaa kando, akanikumbusha pale tu nikikwama.

Demensia si uzee, kwani wako wazee wengi wanaofika miaka 90 na akili zao timamu. Wala si uchawi wala laana ya ukoo. Ni ubongo kuharibiwa na magonjwa. Linaloongoza ni ugonjwa wa Alzheimer, uliopewa jina la daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliyeueleza mwaka 1906. Shirika la Afya Duniani linasema unachangia asilimia 60 hadi 70 ya demensia yote. Wengine huipata kwa sababu ya kiharusi na mishipa ya ubongo iliyochoshwa na presha. Kwa makadirio ya shirika hilo, mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa nayo. Hatuko peke yetu, na hakuna sababu ya kumfungia mtu chumba cha nyuma.

Anayeanza kusahau apelekwe akapimwe, asiachiwe tu kwa kuwa ana mvi. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo inayofanya kazi kwa ulegevu, hata baadhi ya dawa, huweza kumfanya mtu aonekane ana demensia, na hayo yana tiba. Mpimeni na masikio. Asiyesikia vizuri hujibu kombo, watu wakadhani akili imekwenda. Ikithibitika ni demensia, dawa zilizopo haziponyi, ila baadhi huwapunguzia wengine dalili kwa muda. Anayewauzia uponyaji, mkimbieni.

Sasa nije nyumbani, ambako ndiko kwenye kazi. Kufunga vifungo vya shati siku hizi kunanichukua muda. Nikianza juu, nafika chini nakuta kifungo kimebaki na tundu zimekwisha. Kwa hiyo nafungua, naanza chini, pale ninapoona ncha mbili zikilingana. Mjukuu wangu husimama mlangoni akasubiri. Hanifungii. Kuna siku tunachelewa kwa ajili hiyo, na hukubali tuchelewe. Wengi wenu mngefunga haraka ili muwahi, tena kwa huruma kabisa. Lakini mtu akizoea kufungiwa, mikono yake huacha kujaribu. Mwacheni afanye anachokiweza, nanyi mshike kile kilichomshinda tu. Akiwa alikuwa fundi, apewe cha kutengeneza. Akiwa alikuwa mwalimu, mwekeeni mtoto wa kufundisha.

Na acheni kumtahini. "Unanikumbuka mimi nani?" ni swali linalomvua mtu nguo mbele ya wageni. Ingia useme, "Shikamoo babu, mimi fulani, mtoto wa fulani," kisha endelea na mazungumzo. Akirudia hadithi, isikilize. Akitafuta neno, mpe muda kabla hujamtajia. Kalenda moja kubwa ukutani, funguo mahali pamoja siku zote, kengele ya simu kwa saa ya dawa: vitu hivi vinanisaidia kuliko kukaripiwa.

Fedha, wosia, na nani aamue matibabu huko mbele, yazungumzeni mapema, wakati mwenyewe anaweza kusema anachotaka, na yaandikwe. Kuhusu kuendesha gari, mwachieni daktari atoe ushauri kuliko kugombana.

Kisha waambieni majirani, ila kwanza mwombeni mwenyewe ruhusa. Nilipowaambia ninaoabudu nao, mmoja alianza kunikwepa, jambo lililoniuma. Wengine walijifunza kunisubiri nimalize sentensi, na bado wananipa zamu ya kusoma. Mwaka 2014 watu wenye demensia kutoka nchi mbalimbali walianzisha umoja wao, Dementia Alliance International, wakajisemea wenyewe kuliko kusemewa. Tarehe 21 Septemba, siku ya Alzheimer duniani, mkiandaa mkutano mpeni kipaza sauti mmoja wetu.

Lakini msingoje Septemba. Kikao cha familia kijacho, mtakapopanga nani atakaa naye na nani atagharamia nini, mwiteni. Kifanyeni asubuhi kabla hajachoka, redio izimwe, na aseme yeye kwanza.

Mzee wenu