Kipimo cha neva kwa wanajeshi wastaafu

Mhariri,

Wanajeshi wastaafu wa Marekani wanaodai fidia ya ulemavu wanastahili kuelezwa mapema jinsi kipimo cha neva, yaani mishipa ya fahamu, kinavyofanyika wanapochunguzwa ganzi na maumivu. Kwanza hupitishwa mishtuko midogo ya umeme juu ya ngozi ili kupima kasi ya neva, kisha sindano nyembamba huingizwa msulini, jambo ambalo huuma kiasi. Siku hiyo mtu asijipake mafuta, na amweleze daktari kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Linalonisumbua zaidi ni kwamba kipimo hiki hakigundui uharibifu wa nyuzi ndogo za neva, zile zinazobeba hisia za maumivu na joto. Hivyo majibu safi hayathibitishi kwamba ganzi na maumivu ya mdai ni ya kubuni, naye asisite kumweleza mchunguzi dalili zake zote.

Msomaji wenu