Siku 43 za kufungwa serikali Marekani, na mshahara usiorudi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno juu ya jambo ambalo wasomaji wengi wa nyumbani Tanzania wamelisikia kwenye taarifa za habari kama ugomvi wa vyama tu, lakini sisi tunaoishi Maryland, jirani na Washington, tumelala nalo na kuamka nalo. Serikali Kuu ya Marekani ilifungwa kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi tarehe 12 Novemba 2025, jumla ya siku 43, muda ambao hadi wakati huo haukuwa umewahi kufikiwa katika historia ya nchi hii. Hapakuwa na vita wala tauni, na hazina haikukauka. Wabunge hawakupitisha bajeti, basi.

Kwa Mtanzania aliyezoea kumwona Waziri wa Fedha akisoma bajeti mwezi Juni na mwaka mpya wa fedha ukianza tarehe 1 Julai, hali hii ni ngumu kuielewa. Kwetu mbunge asiyeridhika na maelezo ya waziri hushika shilingi, hoja ikijibiwa anairudisha. Na ibara ya 90 ya Katiba yetu inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti. (Sisemi kwamba Bunge letu ni mfano wa kuigwa, kwa maana kupitisha kila kinacholetwa nako kuna hasara zake.) Marekani haina mlango huo. Miswada 12 ya matumizi inatakiwa kuwa sheria kabla ya tarehe 1 Oktoba kila mwaka, na mara ya mwisho kazi hiyo kukamilika kwa wakati ilikuwa mwaka 1996. Tangu hapo mwaka wa fedha huanza kwa sheria za muda, za wiki au miezi kadhaa, ambazo katika Seneti huhitaji kura 60 kati ya 100, na hakuna chama chenye kura hizo peke yake.

Safari hii Wademokrati walitaka ruzuku ya bima ya afya, iliyokuwa ikomee mwisho wa mwaka 2025, iongezewe muda. Warepublican wakashikilia kwamba serikali ifunguliwe kwanza, mengine yazungumzwe baadaye. Niliunga mkono dai la ruzuku na bado naliunga mkono, kwa sababu najua watu ambao bila hiyo hawawezi kulipia bima. Lakini Spika Mike Johnson hakuliitisha Baraza la Wawakilishi kupiga kura tangu tarehe 19 Septemba hadi siku serikali ilipofunguliwa, na mwishowe maseneta wachache wa upande wa Wademokrati wakakubali kuifungua bila ruzuku hiyo kuingizwa katika sheria. Kilichogombewa hakikupatikana. Mshahara wa mbunge, dola 174,000 kwa mwaka, haukukatwa hata wa siku moja.

Katika jengo ninaloishi yuko mama mmoja, mzaliwa wa Bukavu, anayesafisha ofisi za serikali usiku. Si mtumishi wa umma. Ameajiriwa na kampuni ya usafi yenye mkataba na serikali. Mwishoni mwa Oktoba nilimkuta kwenye chumba cha kufulia, barua ya mwenye nyumba ameilaza juu ya mashine, anaisoma tena na tena. Ujumbe wa msimamizi wake ulikuwa bado kwenye simu, uleule wa siku ya kwanza: usije mpaka utakapoitwa. Kadi ya kuingilia kazini alikuwa anatembea nayo mkobani, asije akaitwa ghafla. Alipoitwa katikati ya Novemba, kazi yake ya kwanza ilikuwa kutupa vyakula vilivyooza kwenye majokofu ya ofisi, vilivyoachwa humo tangu Septemba. Sheria ya mwaka 2019 inawahakikishia watumishi wa serikali malimbikizo ya mishahara yao baada ya kufungwa, na hilo ni jema. Lakini wasafishaji, walinzi na wapishi wa kantini walio chini ya makampuni ya mikataba hawamo. Miswada ya kuwalipa imewasilishwa bungeni tangu mwaka huohuo, wala haijapita. Mshahara wake wa wiki sita umekwenda.

Hao ni walionyimwa mshahara. Mwanzoni mwa Novemba msaada wa chakula, unaotegemewa na watu wapatao milioni 42, nao ulikwama huku serikali ikibishana mahakamani kama inapaswa kuutoa au la.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ugomvi wote huu unahusu sehemu ndogo ya fedha. Mwaka wa fedha wa 2024 serikali ilitumia karibu dola trilioni 6.8, na miswada ile 12 inagusa kama robo yake tu. Pensheni za uzeeni, bima ya afya ya wazee na riba ya madeni hulipwa kwa sheria za kudumu, serikali iwe imefungwa au iko wazi. Riba pekee mwaka huo ilifika takriban dola bilioni 880, ikazipita fedha za ulinzi. Nayo Wizara ya Ulinzi haijapata hati safi hata mara moja tangu ilipokaguliwa kikamilifu kwa mara ya kwanza mwaka 2018. Mkurugenzi wa halmashauri kwetu akipata hati chafu huitwa mbele ya kamati ya Bunge na kuhojiwa. Hapa wizara hiyo huongezewa fedha, tena kwa kura za vyama vyote viwili.

Haikuwa hivi siku zote. Kati ya mwaka wa fedha wa 1998 na 2001 bajeti ilikuwa na ziada, Rais Bill Clinton akiwa Mdemokrati na Bunge likiwa mikononi mwa Warepublican. Baada ya hapo kila chama kimekuwa kikilikumbuka deni kikiwa upinzani. Wademokrati walipitisha mpango wa dola trilioni 1.9 mwaka 2021 bila kura hata moja ya Republican. Warepublican walipunguza kodi mwaka 2017, na Julai 2025 wakapitisha sheria ambayo ofisi ya bajeti ya Bunge lenyewe ilikadiria kuwa itaongeza nakisi kwa trilioni 3.4 katika miaka kumi. Deni la taifa lilivuka trilioni 38 Oktoba 2025, mwezi ambao ofisi zilikuwa zimefungwa. Na kubana matumizi kulianzia wapi? Kwenye misaada ya nje, ambayo ni kama senti moja katika kila dola. Wasomaji wenye ndugu wanaochukua dawa kwenye kliniki za CTC wanaijua hofu ya Januari na Februari 2025, misaada iliposimamishwa, ukiwemo mpango wa dawa za UKIMWI ulioanzishwa mwaka 2003 na Rais wa Republican, George W. Bush, kwa kura za pande zote mbili.

Mimi ni raia wa nchi hii sasa, nalipa kodi na nina kura. Tarehe 3 Novemba 2026 viti vyote 435 vya Baraza la Wawakilishi vitagombewa, na wagombea na wapambe wao watapita kugonga milango yetu kama kawaida yao. Nitamuuliza kila mmoja swali moja: mshahara wa wiki sita wa wale wanaowasafishia ofisi, utapiga kura ulipwe au hutapiga? Majibu yao nitayaandika kwenye daftari, pamoja na majina na vyama vyao, nimpelekee yule mama ayasome.

Msomaji wako,
Silver Spring, Maryland